Mizani peke yake haitoshi
Mwandishi wa makala yenu kuhusu kilimo cha mimea ya dawa ameeleza vyema soko lake, lakini amepima mavuno kwa kilo tu, ilhali kiwanda cha dawa hununua kiambata, yaani kemikali yenye nguvu ya kutibu, kilichomo ndani ya jani. Chukua mmea wa artemisia, unaotoa artemisinini ya kutibu malaria: kiambata hicho hufikia kilele karibu na wakati wa kuchanua, na mkulima anayechelewa kuvuna hubaki na gunia zito lenye majani yaliyopungua nguvu, jambo linaloumiza kwa sababu jasho ni lilelile. Majani yakirundikwa mabichi, nayo hushika joto, huota ukungu na kukataliwa maabara. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kilimo cha mimea ya dawa mwaka 2003. Naomba sana wakulima wafundishwe hayo kabla ya kukabidhiwa mbegu.