Nilisema Nyumbua, Akasikia Nyambua

Wiki ile nilikuwa nimepokea kazi ya kutafsiri makala ya sayansi kuhusu vitu vinavyovutika na kurudi, na kwa siku tatu nzima nilikwama kwenye neno moja. Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya jambo hilo. Taabu ni kwamba kila neno lina kazi yake na halikubali kufanya ya mwenzake. Ufito ukielemewa hunepa, tawi likipigwa na upepo hunesa, mpira ukitupwa chini hudunda, mtego ukiguswa hufyatuka, na lasitiki ya suruali iliyofuliwa kwa miaka mingi, kama ile niliyokuwa nimevaa, hulegea. Mimi nilitaka neno la kitu kinachovutwa kikarefuka, kisha kikiachiwa kikarejea umbo lake la awali. Jumamosi asubuhi, nikiwa kwenye chai, nilikata shauri kwamba kitu cha namna hiyo hunyumbuka, na kwamba sifa yake ni unyumbufu. Furaha ile ndiyo iliyoniponza, kwa kuwa mtu aliyepata neno jipya hana tofauti na mtoto aliyenunuliwa viatu vya sikukuu: atavivaa hata kwenda kisimani.

Mchana wake nilikwenda Mbagala Rangi Tatu kununua godoro la sponji la futi 4 kwa 6, inchi 6. Muuzaji na msaidizi wake walilikunja, wakalikalia, wakalifunga kwa kamba hadi likawa bumba nene lenye kimo cha mtoto wa darasa la tatu. Nikapatana na kijana wa bodaboda anipeleke Kongowe. Alikuwa na mpira mmoja tu wa kufungia mizigo, ule unaokatwa kwenye tyubu kuukuu ya gari, mpana kama kiganja na mweusi tii. Alipouzungusha kwenye godoro, ncha yake ilipungua shibiri moja kuifikia keria.

"Mzee, haufiki," alisema.

Mtu mwenye akili zake angejibu, "Vuta." Mimi nilijikohoza kidogo, nikasema, "Unyumbue, mwanangu. Mpira huo una unyumbufu wa kutosha."

Akanitazama kwa mashaka. "Niunyambue?"

"Naam, unyumbue."

Makondakta walikuwa wakiita abiria kwa sauti za kupasua masikio, na irabu yangu ilizama humo humo. Kunyambua, kwa asiyelikumbuka neno hilo, ndiko anakofanya mpishi anapoichambua nyama ya kuchemsha nyuzinyuzi. Wanasarufi wenyewe hawajamaliza kubishana kama vitenzi hunyambuliwa au hunyumbuliwa, sembuse kijana mwenye haraka zake. Nikageuka kumlipa muuzaji. Niliporejea, kijana alikuwa amekwisha kutoa kisu, ameuchana mpira ule kwa urefu wake ukawa tepe tatu nyembamba, ameziunga kwa mafundo, na sasa urefu ulitosha na kusaza.

"Tayari nimeunyambua, mzee," alisema kwa fahari ya mtu aliyefuata maagizo ya kitaalamu.

Niliona haya kueleza kosa lilipokuwa. Nikapanda, godoro likiwa mgongoni mwangu, tukaondoka.

Mwaka 1678 Mwingereza Robert Hooke aliandika kwamba kurefuka kwa springi huenda sawia na nguvu inayoivuta. Makala yangu iliongeza sharti ambalo nilikuwa nimelitafsiri kwa ustadi mkubwa: mradi kikomo cha unyumbufu hakijavukwa. Kikomo chetu kilikuwa tuta la tatu. Kwanza ilikatika kamba ya muuzaji, nikasikia nyuma yangu pumzi ndefu kama ya ng'ombe anayejilaza. Kisha fundo likaachia, mpira ukafyatuka na kunichapa shingoni, na godoro, lililokuwa limebanwa tangu dukani, likakumbuka umbo lake la awali. Lilifunguka likanikumbatia mimi, likamkumbatia na kijana, likamziba macho. Bahati nzuri alikuwa amepunguza mwendo kwa ajili ya tuta, kwa hiyo tulianguka polepole upande wa kushoto, kama watu walioafikiana. Godoro lilitangulia chini, nikalifuata, likanirusha, nikatua kitako hatua mbili tu kutoka kwenye karai la mama muuza mihogo.

"Ee baba, umedunda!" alisema yule mama, mwiko ukiwa hewani.

Nilitaka kumweleza kwamba kinachodunda ni mpira, na kwamba binadamu hurushwa tu, lakini niliposimama ili maelezo yapate heshima yake, lasitiki ya suruali nayo ikavuka kikomo chake. Niliidaka kiunoni kwa mikono miwili, na katika hali hiyo, mbele ya wateja wa mihogo, nikamfafanulia kijana tofauti ya kunyumbua na kunyambua, pamoja na mifano. Alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho, akipangusa vumbi magotini. Kisha akaokota kipande kimoja cha ule mpira, akaja nyuma yangu na kukizungusha kiunoni.

"Sasa mzee, hapa niunyumbue au niunyambue?"

"Vuta tu, mwanangu," nikamjibu.