Mwaga siki kabla ya kumwaga jivu

Bustani nyingi za nyumbani zinadhoofishwa na nia njema. Jivu la kila siku linamwagwa kwenye shina lile lile la mpapai, maganda ya mayai yanarundikwa kwenye ndoo ya nyanya, machicha ya chai yanatandazwa mpaka yanaota ukungu. Vitu hivi vyote vina kazi yake. Ninachopinga ni desturi ya kuvigawa kwa kila mmea na kila udongo kwa sababu tu vimetoka jikoni na havina bei. Kitu cha jikoni kina madini fulani, kinayatoa kwa kasi fulani, na udongo wako unayahitaji au hauyahitaji. Kwa hiyo tuanze na udongo.

Chukua kijiko cha udongo mkavu, kiweke kwenye kisahani, udondoshee siki nyeupe. Ukitoa povu, tayari una chokaa ya kutosha. Udongo wenye vipande vya mawe ya matumbawe, ambao ni mwingi mwambaoni na visiwani, hutoa povu hilo waziwazi. Hali ni hiyo hiyo uani kwa nyumba iliyojengwa juzi, ambako vifusi vya saruji na chokaa vilifukiwa na fundi badala ya kuzolewa. Udongo wa namna hii usiupe jivu wala maganda ya mayai hata kidogo. Ukiuongezea chokaa, chuma na zinki vinafungwa, na majani machanga yanageuka njano huku mishipa yake ikibaki kijani. Wengi wakiona njano hiyo wanadhani mmea una njaa, wanazidisha jivu.

Siki isipotoa povu, usikimbilie kusema udongo una tindikali. Umejua tu kwamba hauna chokaa ya ziada. Lakini ukiwa Njombe, Usambara au Kericho, ambako mvua nyingi imeosha udongo na chai inastawi, tindikali inawezekana sana, na huko ndiko jivu linakofanya kazi ya maana.

Jivu la kuni na la mkaa kwa sehemu kubwa ni chokaa. Ndani yake mna potasiamu ya kutosha na fosforasi kidogo. Naitrojeni, kirutubisho kinachokuza majani, hamna, kwa sababu yote imepaa na moshi. Ndiyo maana mchicha uliolishwa jivu peke yake unabaki umedumaa. Kipimo ni kama gramu 100 kwa mita moja ya mraba, yaani chini ya kikombe kimoja cha chai, mara moja kwa mwaka. Kwa ndoo ya lita 20 iliyopandwa mmea, kijiko kimoja cha chakula kinatosha. Lichekeche, litawanye siku isiyo na upepo, ulichanganye na udongo wa juu wiki mbili au tatu kabla ya kupanda. Likigusa shina changa likiwa na unyevu linaunguza, kwa kuwa jivu lililolowa linatoa magadi makali.

Jivu pia lina maadui wawili. Wa kwanza ni samadi mbichi na mbolea ya urea: ukivichanganya, naitrojeni inageuka amonia na kupotea hewani. Ile harufu inayochoma pua ndiyo mbolea yako inaondoka. Wa pili ni kiwashio. Jiko lililowashwa kwa plastiki, kipande cha ndala au ubao wa rangi linatoa jivu ambalo halifai kufika kwenye mboga. Na jivu la mkaa mbadala mara nyingi lina udongo wa kufinyangia ndani yake, kwa hiyo nguvu yake ni ndogo.

Maganda ya mayai ni kalsiamu kabonati karibu tupu. Yakipondwapondwa kwa mkono yanakaa ardhini miaka bila kubadilika, na ukifukua utayakuta vipande vyake. Yakaushe juani au juu ya jiko linalopoa, kisha uyasage yawe unga laini kama wa ngano. Hata hivyo, unga huo hauponyi nyanya zinazooza kitako, ingawa ushauri huo umeenea kuliko mwingine wowote. Kalsiamu husafiri ndani ya mmea ikibebwa na maji. Ukimwagilia leo, ukaacha siku nne, ukaja kumwagilia ndoo nzima, tunda linakosa kalsiamu hata kama imejaa kwenye udongo. Potasiamu nyingi inayotokana na jivu inazidisha tatizo, kwa sababu inashindana na kalsiamu kwenye mizizi. Nyanya inayooza kitako inataka maji ya kiasi kile kile kila siku na matandazo juu ya udongo. Ganda la yai ni la msimu ujao.

Machicha ya chai yana naitrojeni, ila inatoka polepole. Ya chai ya maziwa yana pia sukari na mafuta, na sisimizi watafika kabla ya minyoo. Yasuuze kwa maji, uyachanganye na udongo wa juu, usitandaze tabaka nene. Ya kahawa ndiyo mabaya zaidi kwa kuganda: yakikauka juu ya udongo, maji yanateleza pembeni badala ya kuzama. Unene usizidi nusu sentimita, na juu yake weka majani makavu.

Machicha ya nazi yana mafuta mengi, na yakifukiwa juujuu panya watafukua usiku huo huo. Yaende kwenye biwi la mboji, katikati kabisa, na kwa kila ndoo moja ya machicha weka ndoo mbili au tatu za majani makavu. Makumbi ya nazi yanataka uangalifu wa aina nyingine. Yana chumvi, na yale yaliyofukiwa pwani kwenye tope la bahari ili yalainike kwa kusokota kamba yamejaa chumvi kabisa. Yaloweke kwenye maji yasiyo na chumvi, umwage, urudie mara tatu au nne. Maji ya mwisho yaonje kwa ncha ya ulimi; kama bado yana chumvi, rudia. Makumbi yaliyosafishwa ni matandazo mazuri mno. Usiyachimbie ndani yakiwa mabichi, kwani vijidudu vinavyoyaozesha vitakula naitrojeni ya udongo na mimea itageuka njano. Unga wa mbao kutoka kwa seremala unafanya vivyo hivyo.

Maji ya kulowekea maganda ya ndizi yanasifiwa kupita kiasi. Yanatoa potasiamu kidogo, naitrojeni karibu hakuna, na yakikaa yananuka na kuita nzi. Katakata maganda, yachimbie chini ya mgomba wenyewe, basi.

Kinachosahaulika ni chenga za mkaa. Zinabaki chini ya gunia, na kwa muuza mkaa kuna lundo zima. Mkaa haulishi mmea. Kazi yake ni kushika maji na virutubisho visioshwe na mvua, na kwenye mchanga wa pwani hilo ndilo tatizo kubwa kuliko yote. Udongo mweusi wa Amazon huko Amerika Kusini, unaosifiwa kwa rutuba na ulioachwa na watu walioishi kule kabla ya Wazungu kufika, una mkaa, ila una pia mifupa, vigae na taka za chakula. Mkaa peke yake usingeutengeneza. Kosa linalorudiwa ni kumwaga chenga kavu moja kwa moja shambani: zinafyonza naitrojeni iliyopo, na mboga zinadumaa msimu mzima.

Nyunyizia chenga maji kwanza ili vumbi lisiingie mapafuni, kisha ziponde ziwe kama punje za mahindi au ndogo zaidi. Chekecha jivu litoke. Zichanganye na mboji inayoiva, sehemu moja ya chenga kwa tisa za mboji, uziache mwezi mmoja zikiwa na unyevu. Zikitoka humo zimeshiba, na zitabaki kwenye udongo wako miaka mingi.

Imebaki naitrojeni ya haraka, na nyumbani chanzo chake kikubwa ni mkojo. Lita moja ina kama gramu 3 hadi 7 za naitrojeni. Kwa nyumba nyingi za Kiislamu mkojo ni najisi na haugusiki kirahisi. Asiyeridhika nao asilazimishwe, mboji na samadi iliyoiva vitamtosha, ila kwa muda mrefu zaidi. Anayeutumia auweke kwenye dumu lenye kifuniko kinachobana, bila jivu ndani. Ajipimie lita moja hadi moja na nusu kwa mita ya mraba kwa msimu mzima, aigawe mara tatu au nne, na kila mara achanganye sehemu moja ya mkojo na tatu hadi tano za maji. Achimbe kifereji sentimita 10 kutoka shinani, amimine, afukie hapo hapo. Ukimwagwa juu ya majani unaunguza, na usipofukiwa sehemu ya faida inapaa. Udongo wenye chumvi usiupe kabisa.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006 unaruhusu mkojo wa familia kutumika bila kuhifadhiwa kwa chakula cha familia hiyo hiyo, mradi upite mwezi mmoja kati ya kumimina na kuvuna. Sharti hilo linaondoa mchicha, unaong'olewa ndani ya wiki nne. Linaondoa pia sukuma wiki iliyokwisha kuanza kuchumwa, kwa sababu inachumwa kila wiki na mwezi huo haupatikani tena. Sukuma wiki ipe mkojo wakati wa kupandikiza tu. Mgomba, mpapai ambao bado haujazaa na mahindi yaliyofika magotini ndiyo mahali pake.