Mabingwa wa 1911 walikuwa wawili

Ukifungua orodha za mabingwa wa mpira wa kikapu wa vyuo vya Marekani, kwenye mstari wa 1911 utakuta jina moja: St. John's ya New York, michezo 14, ushindi 14. Sina ugomvi na vijana wale. Ugomvi wangu ni na huo mstari, maana msimu huohuo wa 1910-11, kule Washington, timu ya Chuo Kikuu cha Howard, chuo cha watu weusi, nayo ilimaliza bila kufungwa, na jina lake halimo kabisa kwenye orodha.

Enzi hizo vyuo havikuwa na mashindano ya kitaifa. Yale ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo, yalianza 1939. Taji la St. John's lilitolewa na Helms Athletic Foundation ya Los Angeles, miongo kadhaa baada ya filimbi ya mwisho, watu wakipekua kumbukumbu na kuamua nani alistahili. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba Howard walishindwa kulitwaa uwanjani. Aliyeshika kalamu ndiye aliyewaruka.

Na timu yenyewe ilianzia kwenye fedheha. Edwin Bancroft Henderson alikuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo katika shule za watu weusi za Washington. Mchezo wa kikapu aliusomea Harvard, katika kozi za likizo za Dudley Sargent. Mwaka 1907 yeye na mwenzake waliingia ukumbi wa YMCA, chama cha vijana wa Kikristo, tawi la wazungu, wakakaa kutazama mechi. Kutazama tu. Wakatolewa nje. Nimeisoma habari hiyo mara nyingi na bado inanichoma: mwalimu wa watu, aliyekwenda kuusomea mchezo huo chuoni, anainuliwa kwenye kiti mbele ya hadhira na kuoneshwa mlango.

Henderson hakubaki kununa. Alianzisha ligi ya vijana weusi, kisha 1909 akaunda timu ya YMCA ya Mtaa wa 12, naye mwenyewe akiwa mchezaji. Mechi zao walichezea True Reformer, jengo la Mtaa wa U lililokamilika 1903, kazi ya msanifu mweusi John A. Lankford. Msimu wa 1909-10 hawakupoteza hata mchezo mmoja. Uliofuata, karibu kikosi chote kilihamia Howard na kuwa timu rasmi ya kwanza ya kikapu ya chuo hicho. Kati yao alikuwamo Hudson Oliver, aliyewahi kutamba na klabu ya Smart Set ya Brooklyn kabla ya kuja Washington kusomea udaktari.

Aliyezoea kikapu cha leo angeshangaa kuiona mechi ya wakati ule. Mpira ulikuwa wa ngozi, umefungwa kwa kamba kama kiatu, na ukidunda juu ya ile kamba unakwenda unakotaka wenyewe. Kila kikapu kikifungwa, mwamuzi aliurudisha mpira katikati na kuurusha juu, warefu wawili wakaugombea upya. Ndiyo maana pointi zilikuwa chache na uongozi mdogo ulilindwa kama yai. Kumaliza misimu miwili mfululizo bila kufungwa katika mchezo wa namna hiyo si jambo la kubahatisha.

Najua nitajibiwa nini: Howard walicheza na timu za watu weusi peke yake, utawapimaje na St. John's? Swali ni la haki, lakini linaulizwa kwa mtu asiyehusika. Si Howard waliofunga milango ya kumbi. Kama timu mbili zilizuiwa kukutana, basi hatuna ushahidi kwamba yeyote kati yao alikuwa juu ya mwenzake, na mimi sioni sababu ya upande uliofungiwa nje kulipia mara ya pili kwa kufutwa. Magazeti ya watu weusi yaliwatambua Howard kuwa mabingwa wa dunia wa kikapu cha watu weusi. Mstari wa 1911 una nafasi ya kutosha majina mawili.

Henderson mwenyewe aliingizwa kwenye jumba la heshima la mpira wa kikapu mwaka 2013, miaka 36 baada ya kufariki. Lakini kuna heshima moja aliyoishuhudia kwa macho yake. Miaka ya 1940 aliongoza mapambano dhidi ya Uline Arena, ukumbi mkubwa wa Washington uliowafungia watu weusi milango, mpaka wenye ukumbi walipokubali kuwafungulia mwaka 1948. Ukumbi huo ulikuwa nyumbani kwa timu ya kikapu ya Washington Capitols. Mwaka 1950 Capitols walimwingiza uwanjani Earl Lloyd, mchezaji wa kwanza mweusi kucheza mechi ya NBA, kijana wa Alexandria, ng'ambo tu ya mto Potomac. Henderson alikuwa na miaka 66, na safari hii tiketi ya kuingia kutazama aliweza kuinunua kama mtu mwingine yeyote.