Ini lenye mafuta: je, hesabu ya damu inaweza kutuambia nani ataugua zaidi?

Majibu ya ultrasaundi yakirudi yameandikwa kwamba ini lina mafuta, daraja la pili, wagonjwa wengi huuliza jambo moja tu: mwisho wake ni nini? Wana haki ya kuuliza. Inakadiriwa kuwa watu wazima 3 kati ya 10 duniani wana mafuta ya ziada kwenye ini, na walio wengi hawatakufa kwa ugonjwa wa ini. Wachache ndio watakaofika kwenye sirosisi (ini kujaa makovu na kusinyaa), tumbo kujaa maji, kutapika damu au saratani. Kazi ngumu ya daktari ni kuwatambua hao wachache miaka 10 au 15 kabla, wakati bado kuna la kufanya.

Kwanza tuelewane kuhusu ile karatasi. Daraja la mafuta linalosomwa kwenye ultrasaundi halitabiri mengi. Kinachotabiri ni kovu. Mwaka 2015 zilitoka tafiti mbili zilizobadili mjadala huu: moja ya wagonjwa 619 kutoka nchi kadhaa, nyingine ya wagonjwa 229 wa Sweden waliofuatiliwa kwa wastani wa miaka 26. Zote zilionyesha kwamba unene wa kovu kwenye ini, unaopangwa kuanzia F0 (hakuna kovu) hadi F4 (sirosisi), ndio uliotabiri vizuri zaidi nani atakufa mapema. Kuna jambo jingine ambalo wagonjwa hawaambiwi mara nyingi: kovu likikomaa, mafuta huweza kupungua yenyewe. Mtu anaweza kufurahia ultrasaundi isiyoonyesha mafuta kama zamani, kumbe ini lake limesinyaa. Wala vimeng'enya vya ini, yaani AST na ALT vinavyovuja kwenye damu ini likiumia, vikiwa katika kiwango cha kawaida havitoshi kumtuliza mtu, maana wapo wenye kovu kubwa ambao ALT yao haijawahi kuwekewa alama ya kuzidi kiwango.

Sasa kovu linapimwaje? Njia ya zamani ni kuchoma sindano na kutoa kinyama cha ini. Kinyama hicho ni kama sehemu 1 kati ya 50,000 ya ini zima, hivyo kinaweza kutoka mahali penye nafuu na kuacha palipoharibika. Kinauma, kina hatari ya damu kuvuja, na kinahitaji mtaalamu wa kukisoma. Huwezi kumfanyia hivyo kila mwenye mafuta. Ndipo ikaingia hesabu iitwayo FIB-4, inayohitaji mambo manne tu: umri, AST, ALT na idadi ya chembe sahani za damu, zile zinazosaidia damu kuganda.

Chukua mwanamke wa miaka 52 mwenye AST 38, ALT 49 na chembe sahani 210. Zidisha umri kwa AST, unapata 1,976. Kipeuo cha pili cha ALT ni 7; kizidishe kwa 210, unapata 1,470. Gawanya ya kwanza kwa ya pili: 1.34. Chini ya 1.3 mgonjwa huhesabiwa kuwa na hatari ndogo, juu ya 2.67 hatari ni kubwa, na katikati hapo anatakiwa apimwe zaidi, hasa kwa mashine inayopima ugumu wa ini kama FibroScan. Mama huyu ameuvuka mpaka kwa nywele. Chembe sahani zake zikisomeka 240 wiki ijayo, jambo ambalo hutokea bila ugonjwa wowote, anashuka hadi 1.18 na anaambiwa arudi nyumbani.

Wanaoitetea hesabu hii wana hoja nzito. Mwaka 2023 ulichapishwa uchambuzi wa takwimu za wagonjwa 2,518 waliotolewa kinyama, wakapimwa ugumu wa ini na kukokotolewa FIB-4, kisha wakafuatiliwa ili ionekane nani alipata madhara makubwa ya ini. Hesabu hii rahisi ilitabiri karibu sawa na kinyama chenyewe. Kwa nchi zenye mabingwa wachache wa ini hiyo ni habari njema mno, kwa sababu vipimo vyote vinavyohitajika vinapatikana hata katika hospitali nyingi za wilaya. Na nguvu yake kubwa ni katika kuondoa hofu: aliye chini ya 1.3 mara nyingi kweli hana kovu kubwa, hivyo hana sababu ya kuuza mbuzi ili asafiri kumtafuta bingwa.

Lakini kusema vipimo hivi vinalingana si kusema vina uhakika. Katika uchambuzi ule, ukiwachukua wagonjwa wawili, mmoja atakayepata madhara na mwingine asiyepata, kipimo chochote kati ya hivyo kilimtambua aliye hatarini takribani mara 7 kati ya 10. Kubahatisha tu kungekupa 5. Tena madhara yenyewe huja polepole. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2021, uliofuatilia watu wazima 1,773, ulikuta vifo 0.32 kwa kila watu 100 kwa mwaka miongoni mwa walio F0 hadi F2, na 1.76 kwa walio F4. Tofauti ni kubwa, zaidi ya mara tano. Hata hivyo, kati ya watu 100 wenye sirosisi, zaidi ya 98 huumaliza mwaka wakiwa hai. Ukimwambia mgonjwa "una hatari kubwa" bila kumpa picha hiyo, umempa hofu ambayo takwimu hazikuitoa.

Umri nao ni sehemu ya hesabu, kwa hiyo alama hupanda kila mwaka hata ini likibaki vilevile. Ndiyo maana kwa aliyevuka miaka 65 mpaka wa chini huwekwa 2.0, na kwa aliye chini ya 35 hesabu haiaminiki sana. Kijana mnene mwenye kisukari anaweza kupata namba nzuri kwa sababu tu ni kijana.

Kinachonisumbua zaidi kiko huku kwetu. FIB-4 ilibuniwa mwaka 2006 kwa wagonjwa wenye VVU pamoja na homa ya ini C, kisha ikapimwa kwa wenye ini la mafuta, wengi wao wa Ulaya, Marekani na Asia. Inadhania kwamba chembe sahani zikipungua, sababu ni ini. Nenda Ukerewe, kisiwa cha Tanzania, au vijiji vya wavuvi upande wa Kenya na Uganda wa Ziwa Victoria, ambako kichocho cha tumbo kimeishi na watu vizazi kwa vizazi. Kichocho huacha makovu kuzunguka mishipa ya ini, bandama huvimba, na chembe sahani hushuka. Mpe mama yetu chembe sahani 100 badala ya 210, mengine yabaki yalivyo: alama inaruka hadi 2.82, na ghafla anahesabiwa miongoni mwa wenye kovu kubwa la mafuta. Huenda kweli ini lake lina tatizo, ila si lile tulilodhani, na tiba yake ni nyingine. Malaria hushusha chembe sahani. Pombe hupandisha AST. Hata sampuli ya damu iliyopasuka seli kabla ya kufika maabara hupandisha AST.

Na kosa linaweza kwenda upande wa pili. Kwa homa ya ini B, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2015 kwamba alama ya APRI, ndugu wa karibu wa FIB-4 inayotumia AST na chembe sahani, ikipita 2 ndipo mtu mzima ahesabiwe kuwa na sirosisi. Takwimu za wagonjwa wa Afrika zilipokusanywa, ikaonekana mpaka huo uliwaacha wengi wenye sirosisi bila kuonekana. Mwongozo wa mwaka 2024 ukaushusha hadi 1. Kwa miaka tisa watu walipimwa kwa mpaka ambao haukuwafaa. Sioni kwa nini tuamini kwamba mipaka ya ini la mafuta imetukaa sawasawa kabla ya kuipima hapa.

Upo upinzani mwingine, nao nauheshimu. Wengine husema tunatabiri kisichotibika. Resmetirom, dawa ya kwanza kuidhinishwa Marekani kwa ugonjwa huu mnamo Machi 2024, si dawa ambayo mgonjwa wa kawaida Afrika Mashariki ataimudu. Basi faida ya kumwambia ni ipi? Jibu langu ni kwamba yako mengi yasiyohitaji dawa hiyo. Mwenye sirosisi anayejulikana hufanyiwa ultrasaundi kila miezi 6 kutafuta saratani ikiwa bado ndogo, na huangaliwa mishipa ya koo la chakula kabla haijapasuka. Aliyeanza kupata kovu anaweza kuacha pombe kabisa na kupunguza uzito: kupunguza asilimia 10 ya uzito kumeonekana kurudisha nyuma kovu kwa baadhi ya watu, ingawa wanaofika hapo ni wachache. Nani atabeba mzigo huo bila kuambiwa kwa nini?

Jambo ambalo pande zote mbili hulipita haraka ni moyo. Kwa wenye ini la mafuta wasio na kovu kubwa, ugonjwa wa moyo na mishipa huua wengi kuliko ini. Utabiri unaoishia kwenye ini unamwambia mwanamke wa miaka 52 mwenye kisukari na presha kwamba yuko salama kwa sababu amepata 1.1, halafu presha yake ya 160 kwa 100 inabaki bila kuguswa. Namba ndogo ya FIB-4 imwondolee hofu ya sirosisi kwa sasa, isimwondolee mtu kliniki.

Kwa hiyo niko upande wa kuitumia. Ningependa kila mwenye kisukari aina ya pili akokotolewe FIB-4, irudiwe kila mwaka au miaka miwili, na asihukumiwe kwa kipimo kimoja. Aliye juu ya mpaka apimwe homa ya ini B na C, aulizwe pombe bila kuaibishwa, na kama anatoka kandokando ya ziwa apimwe kichocho, kabla ya mtu yeyote kumwambia kwamba mafuta yamemharibia ini. Namba tunazozihitaji ili kujua ukweli wetu tayari zinaandikwa kwenye mafaili ya kliniki za kisukari Mwanza, Kisumu na kwingineko. Zikikusanywa na wagonjwa haohao wakafuatiliwa miaka 10, tutajua kama 1.3 ni mpaka wa haki kwa mvuvi wa Ukerewe au kama anahitaji wa kwake.