Pazia Bichi

Mwonyeshe mtu picha ya rangi ya mafuta, umwambie kwamba haijakauka, naye aitikie kwa kichwa kwamba amesikia; kitakachofuata ni kidole chake. Nimekuwa fundi wa mabango mjini Kisumu kwa muda wa kutosha kulisema hili bila kusitasita: madiwani, askari, wanafunzi wa theolojia, wote hugusa. Kidole cha mwenye nyumba wetu ndicho kilichosababisha kisa hiki, na ningemwomba msomaji alizingatie hilo tangu sasa, kwa sababu pale mtaani kwetu Migosi lawama zote zilielekezwa kwangu.

Ulikuwa mwaka wa 2021. Sherehe za Madaraka za tarehe 1 Juni zilifanyika kwetu, katika uwanja mpya wa Jomo Kenyatta kule Mamboleo, na katika matayarisho yake hapakuwa na ukuta, ukingo wa barabara wala shina la mti lililosalimika na brashi. Mafundi wa rangi tulikula vizuri. Kisha wageni wakaondoka, maambukizi ya Korona yakapanda, na kuanzia tarehe 18 Juni kaunti 13 za eneo la ziwa na magharibi zikawekewa kafyu ya saa moja usiku hadi saa kumi alfajiri, huku Wakenya wa kwingineko wakiruhusiwa kuzurura hadi saa nne usiku. Nani angehitaji bango la baa ambayo inafungwa kabla mlevi wa kwanza hajaketi? Mteja mmoja aliyekuwa ameagiza bango la futi nne kwa nane alinipigia simu kuivunja kazi nikiwa katikati ya neno, nikabaki na ubao wa plaiwudi ambao upande mmoja umeandikwa KARIBU NYAMA NA, na upande wa pili ni mtupu.

Jambo ambalo waliotunga kafyu hiyo huenda hawakulifikiria ni joto. Saa moja usiku kuta za nyumba za Kisumu zinakuwa bado zinatoa moto wa mchana, na hakuna binadamu anayeweza kufungiwa ndani wakati huo akiwa amefunga dirisha. Kwa hiyo ghorofa iliyokabiliana na yetu, ambayo ni ya mwenye nyumba huyohuyo, ilikuwa inafunguka yote kwa pamoja: madirisha kumi na mawili, taa zimewashwa, mapazia yamefungwa fundo ili upepo upite. Mimi nilikuwa nimeketi ng'ambo ya pili, nina ubao mtupu, makopo ya rangi iliyobaki Madaraka, na sina kazi. Nilianza kuchora.

Sitaki kujisifu, lakini picha ilitoka. Mchungaji wa ghorofa ya tatu alikuwa anahubiria simu iliyoegemezwa kwenye mkebe, kwa kuwa ibada za kukutana zilikuwa zimesimamishwa. Kila alipomaliza sentensi nzito alinyamaza akingoja itikio lisilokuja, hadi mkewe alipoitikia "Amina!" kutoka jikoni, bila kusimamisha kisu kilichokuwa kinakata sukuma wiki. Chini yao alikaa Baba Mapacha, ambaye pale langoni alikuwa ametangaza mara nyingi kwamba mwanamume wa heshima hajui hata mwiko unakokaa. Nilimchora jinsi alivyokuwa kila jioni: leso ya mkewe kiunoni, unga hadi kwenye viwiko, anasukuma chapati kwa ustadi ambao hauwezi kujifunzwa kwa mwezi mmoja. Mama Omena, baada ya kutwa nzima ya kuuza omena, wale dagaa wa ziwani, kwa mkebe wa gorogoro, alipanga sarafu zake mezani katika minara, kisha akaibomoa na kuipanga upya, nadhani kwa raha tu.

Dirisha nililolipenda zaidi lilikuwa la ghorofa ya kwanza, la Karani. Rasmi, Karani hakuwepo. Alikuwa na deni la kodi, alikuwa amesafiri ushago, yaani kijijini kwao, kabla ya vizuizi, na kufuli kubwa lilining'inia mlangoni kwa nje kuthibitisha hilo. Kwa hakika kufuli lilifungwa kila alfajiri na watoto wa Baba Mapacha, waliokuwa wanalipwa kwa peremende, na Karani alishinda ndani akiwa na simu yake. Usiku aliiweka simu kifudifudi mezani, tochi ikiangaza juu, akala ugali kwa omena katika duara hilo dogo la mwanga, akitafuna polepole mno ili asisikike. Fundi wa mabango hapewi mwanga wa namna hiyo mara mbili maishani. Nilimchora kinywa kimefunguka na tonge limefika karibu na meno, kidevu kikiwa cha manjano na paji la uso likiwa limezama gizani.

Jioni moja wadudu wa ziwani walikuja. Asiyewajua aelewe kwamba hupanda kutoka ziwani kwa wingi wa moshi, hufuata taa, na yangu ilikuwa kali kuliko zote kwa sababu fundi hawezi kuchanganya rangi ya ngozi kwa balbu ya shilingi hamsini. Asubuhi nilikuta kila dirisha nililolipaka manjano limewanasa. Niliwatoa kwa ncha ya sindano, mmoja mmoja, mabawa yakibaki nyuma. Kwenye kidevu cha Mchungaji walikuwa wamesongamana mno, na mkewe alipowaona baadaye alishauri waachwe, kwa kuwa ndevu zilimpa mumewe sura ya nabii.

Huyo mke aliwaonaje? Ubao wa futi nane haufichiki. Niliuanika kwenye roshani, na kabla ya adhuhuri ghorofa nzima ilikuwa mlangoni kwangu ikiwa imevaa barakoa. Nilikuwa nimejiandaa kwa utetezi. Niliwaeleza kwamba mwaka wa 1928 Mmarekani Edward Hopper alichora picha iitwayo Night Windows, madirisha matatu ya ghorofa usiku, na ndani mwanamke aliyeinama akiwapa watazamaji mgongo, na kwamba leo picha hiyo imetunzwa katika jumba la sanaa la MoMA, New York.

"Na huyo mama aliulizwa?" Mama Omena akataka kujua.

Nilimjibu kwamba kwa kawaida Hopper aliwachora wanawake wake kwa kumweka mkewe, Josephine, asimame mbele yake.

"Basi na wewe oa, fundi, umchore wako."

Walicheka, nami nikadhani kesi imeanza. Kumbe hawakuja kwa ajili ya kesi. Hakuna hata mmoja aliyelalamika kwamba ameonekana. Walilalamikia walichoonekana nacho. Mama Omena alitaka minara ya sarafu iondoke, kwa sababu wezi nao wana macho, na mahali pake pawekwe televisheni kubwa. Mabwana wawili wa ghorofa ya nne walitaka sukuma wiki yao igeuzwe kuku. Baba Mapacha alitaka leso iondolewe kiunoni mwake, na mkewe, aliyekuwa amesimama nyuma yake, akasema kwamba ikiondolewa leso hiyo, chapati nazo ziondolewe, mezani pia. Leso ikabaki. Nilitoza shilingi mia mbili kwa kila badiliko, mia tatu kwa sofa, na siku zilizofuata nilipata kazi nyingi kuliko kabla ya kafyu.

Karani alikuja alfajiri, kabla ya kufungiwa, bila hata senti. Alisimama mbele ya ubao kwa muda, akasema kwa sauti ya chini kwamba sura yake imetoka vizuri sana, na kwamba kwa ajili ya Mungu niifunike. Nilimwonea huruma. Mchana ule nilipitisha pazia la maua mekundu juu ya dirisha lake lote, rangi nzito, ya kutosha.

Saa kumi na mbili na nusu jioni hiyohiyo mwenye nyumba akabisha hodi. Alikuwa amesikia kwamba jengo lake limechorwa.

"Karibu, Jaduong'," nikasema, yaani mzee kwa Kijaluo. "Tafadhali usikaribie sana, rangi ni mbichi."

"Nimeona."

Aliitazama picha kwa furaha ya dhati. Alisifu ukuta, ambao kwenye picha ulikuwa umepakwa rangi, jambo ambalo halijawahi kutokea kwenye ukuta wenyewe. Aliwatambua wapangaji mmoja mmoja, akashangazwa na sofa zao, na nikaona anaanza kupiga hesabu za kupandisha kodi. Kisha akafika ghorofa ya kwanza.

"Hii si nyumba iliyofungwa? Imepata pazia lini?"

"Jaduong', hapo ndipo pabichi kabisa."

"Nimesikia, fundi," akajibu, na huku anajibu akaweka kidole.

Ua moja jekundu likafuata kidole hadi chini, na mahali pake pakatokea manjano. Akatoa leso mfukoni kujifuta, akatazama tena, na badala ya kufuta kidole akafuta pazia. Likatokea sikio. Aliendelea kwa utaratibu, kona ya leso ikizunguka taratibu, akafichua jicho, pua, kisha tonge, na mwisho ule mdomo uliokuwa umelisubiri tonge tangu juma lililopita. Hakusema neno. Alitoa simu, akatafuta jina, akapiga.

Ng'ambo ya pili, katika dirisha lenye giza, mwanga ukaruka kutoka mezani na mlio wa simu ukatoka kwa sauti ya juu kabisa.

"Haloo, Jaduong'," tukamsikia Karani, mara moja katika simu na mara nyingine katika hewa. "Niko ushago huku, mtandao ni mbaya."

"Pole. Kazi ya shamba inaendeleaje?"

"Tunamshukuru Mungu, Jaduong'."

Wakati huohuo Mchungaji akamaliza sentensi yake na kunyamaza, na kutoka jikoni "Amina!" ikapasua ua mzima.

"Naona kanisa letu nalo limefika ushago kwenu," akasema mwenye nyumba.

Madirisha yote yakajaa vichwa. Kufikia hapo saa moja ilikuwa imepita na gari la polisi lilisikika barabarani, kwa hiyo mwenye nyumba hakuweza kurudi kwake. Watoto wa Baba Mapacha waliitwa na ufunguo wao, na Jaduong' akaingia kwa Karani, akakaribishwa ile omena, na kupitia dirishani tukawaona wakijadiliana malipo ya awamu chini ya tochi ileile. Alipotoka alisimama uani, akainua uso kunielekea.

"Na wewe fundi, ya kwako iko wapi?"

Nilianza kumweleza hali ngumu ya biashara ya mabango katika kipindi cha janga.

"Jaduong'!" Mama Omena akaita kutoka dirishani kwake, mikono imekunjwa. "Huyo tunamlipa kila siku. Jana alikula samaki mzima, ngege wa kukaanga, na soda mbili. Taa yake ndiyo kali kuliko zetu zote, tunamwona mpaka miiba."

Nililipa kwa simu, palepale, wapangaji wakisubiri hadi ujumbe wa kuthibitisha ulipoingia. Mwenye nyumba alilala kitandani kwangu, nami nikalala sakafuni kando ya makopo. Asubuhi aliuchukua ubao, na sasa umetundikwa katika chumba anachopokelea kodi. Karani angali anaonekana humo, kinywa wazi, kwa sababu nimekatazwa kumgusa. Nitaitwa kumrudishia pazia siku atakapolipa awamu ya mwisho.