Kivuko cha mtaro si kijiwe

Mjini Mtwara, mtaro wa maji ya mvua unatenganisha maduka mengi na barabara. Mwenye miguu yake anauruka. Anayetumia kitimwendo, au ile baiskeli ya kuendeshwa kwa mikono, lazima atafute kivuko cha zege. Na bajaji hupenda kusimama hapohapo, maana wateja wote hutokea hapo.

Wengi wanasema dawa ni faini, na wana hoja. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Haki imeandikwa, ila mtaroni hakuna wa kuisimamia. Mwenye gari anayepaki mbele ya duka la dawa na kusema "dakika mbili tu" angeweza kuliacha mbele kidogo akatembea. Huyo atozwe, simwonei huruma. Mteremko wa kupandia kitimwendo haujengwi kirahisi: kwa kipimo kinachotumika sana cha 1 kwa 12, kibaraza cha sentimita 30 kinahitaji mteremko wa mita 3.6. Pikipiki moja ikisimama chini yake, mita zote hizo hazina kazi.

Kijana wa bodaboda ni habari nyingine. Akisogea mbali na mlango, abiria anachukuliwa na mwenzake, na jioni tajiri anataka hesabu yake kamili. Msimu wa korosho, fedha zikizunguka mjini, kugombania abiria kunazidi. Mgambo akiwafukuza leo, kesho wamerudi, kwa kuwa hawakuonyeshwa pa kwenda. Kwa hiyo naona manispaa iwatengee kijiwe karibu na wateja, kivuko kipakwe rangi, na viongozi wa kijiwe wakilinde wenyewe. Wao kwa wao wanasikilizana kuliko wanavyomsikiliza mgambo. Kwa gari binafsi njia hiyo haifiki, ndiyo maana faini ibaki.

Lakini kijiwe kipya kisigeuzwe sababu ya kuchelewesha. Kivuko kiachwe wazi leo, kijiwe kiwe kimepatikana au bado. Aliyezibiwa hapo hakai kusubiri: anarudi barabarani, malori yakimjia kwa nyuma, kutafuta kivuko kingine ambacho huenda nacho kina bajaji juu yake.