Mani planti si kamba ya kuanikia nguo

Sebule nyingi za Dar es Salaam utaikuta mani planti imezungushwa kwenye nondo za dirisha kwa misumari na uzi, shina refu, majani madogo kama ya kunde. Mwenye nyumba anajisifu: "Hii imeshafika mpaka chumbani!" Mimi naionea huruma.

Asili yake ni kisiwa cha Mo'orea, Polinesia ya Ufaransa, na kazi yake ni kuparamia miti. Ikipata pa kushika, jani jipya huzidi lililotangulia, hadi kupita nusu mita na kuchanika pembeni. Ikining'inizwa, majani hubaki madogo. Usiyesadiki, kaitazame iliyokwea mwembe uani kwa mtu. Utadhani mmea mwingine kabisa.

Nilianza kwa kukosea: niliisimamishia bomba la maji la plastiki ilikwee. Mizizi inayochomoza kwenye vifundo vya shina ilipapasa, ikateleza, ikakauka. Inataka kitu chenye kukwaruza na chenye unyevu. Nikaenda kuulizia nguzo za kukwezea mimea za dukani, bei yake nikacheka. Zimefungwa nini? Makumbi ya nazi! Haya haya tunayochochea moto.

Basi chukua kipande cha mwanzi, ukizungushie makumbi, ukaze kwa kamba ya usumba. Kisimamishe siku ile ile ya kupanda, maana ukija kukichomeka baadaye utakata mizizi. Shina lishikize kwa utepe wa khanga kuukuu, usikaze. Uzi wa nailoni hulikata. Chungu kiwe cha udongo, kizito. Kisado cha rangi kitapinduka tu, hasa penye watoto.

Wengi hushindwa kwenye maji. Wanamwagia udongo, nguzo inabaki kavu, halafu wanalalamika mmea haushiki. Mimina kutoka juu ya nguzo, yateremke yenyewe.

Bibi yangu Unguja alikuwa na mtambuu uani. Hakuuacha utambae chini hata siku moja. Aliupa mti, kama wanavyofanya wakulima wa pilipili manga. Alipoiona yangu ya dirishani aliuliza: "Mjukuu wangu, huu umeufunga kwa kosa gani?"

Sasa imegusa dari. Jumamosi nitaikata kichwa (utomvu wake unawasha, nitanawa) nikipande upya. Jirani ameshakiomba kipande hicho. Nimemwambia aje na nguzo yake kwanza.